Tendo la Saba

Mwaka huo Kwaresima na mfungo wa Ramadhani vilianza siku moja. Mjini Butembo watu walilizungumza jambo hilo kidogo, kisha wakarudi kwenye habari zao za kila siku: bei ya mafuta, vita vya kusini, na barabara ya Beni, kama inapitika au haipitiki. Kitsa alizisikia habari hizo kupitia ukuta wa mbao, kutoka kwa jirani yake fundi viatu, maana wateja wa fundi viatu walikuwa wakikaa kuongea. Wateja wa Kitsa hawakukaa.

Alikuwa seremala, mtu wa makamo, mrefu, mabega yameanza kuinama. Alitengeneza milango, vitanda na viti, na kazi yake ilikuwa safi, hakuna aliyebisha. Mteja alifika, akaonyesha kwa mikono upana wa mlango anaoutaka, wakapatana wakiwa wamesimama, akaaga. Benchi aliloliweka nje kwa ajili ya wageni lilikuwa la paka.

Hakuna aliyemtukana tena. Hayo yalikwisha. Wakati wa Ebola walimtukana, walimrushia mawe, na asubuhi moja alikuta mbao zake zote zimechomwa moto. Sasa walimsalimu vizuri, "Wavukire, Papa Kitsa," ila kutoka ng'ambo ya barabara, na mkono hawakumpa.

Sababu yake ilijulikana. Ugonjwa ulipoingia Butembo, watu walikataa wageni waliovaa mavazi meupe wasije kuchukua maiti zao. Kitsa akajiunga na kikundi cha wazikaji. Mkewe Solange alikuwa ameshafariki kitambo kwa ugonjwa wa sukari, na binti yao pekee alikuwa ameolewa Kisangani, kwa hiyo nyumbani hakukuwa na wa kumkataza isipokuwa mama yake mzee, naye mama hakumkataza. Aliwaza hivi: watu wanaogopa kwa sababu hawajui ni nani yuko ndani ya ile nguo. Wakisikia sauti ya mtu wa kwao, anayesema Kinande, aliyewatengenezea vitanda wanavyolalia, woga utapungua. Hakukosea sana. Nyumba kadhaa zilimfungulia mlango ambao zisingemfungulia mwingine. Lakini ugonjwa ulipokwisha na wageni wakapanda ndege zao, yeye alibaki pale pale mtaani, na kila aliyemwona alimkumbuka mtu wake akitoka nyumbani ndani ya mfuko uliofungwa zipu.

Halafu mama yake mwenyewe, Mama Adèle, akaugua. Alifia kwenye kituo cha matibabu, na Kitsa akaomba awe miongoni mwa watakaomzika. Mkuu wa kikundi alikataa, akabembelezwa, akakubali. Dada yake mkubwa, Virginie, alitoka Beni kwa pikipiki. Alipofika makaburini, jeneza lilikuwa limeshafungwa na watu wa mavazi meupe wamelizunguka. Mmoja wao akainua mkono.

"Yaya, hapana karibia."

Virginie alisimama. Aliitambua sauti ile nyuma ya barakoa, iliyomwita yaya, dada mkubwa.

"Kitsa? Ni weye iko ndani ya ile nguo?"

"Ni miye, yaya."

"Fungua nimuone mama."

"Haiwezekane."

"Nakuambia fungua. Ni mama yangu."

"Yaya, haiwezekane. Nakuomba."

Virginie hakupiga kelele. Alimtazama kwa muda, akasema, "Mama alizaa batoto babili. Leo amebakia na mumoja." Akageuka, akapanda pikipiki ile ile iliyomleta. Tangu siku hiyo Kitsa alipompigia simu, aliikata. Miaka ikapita. Mwishowe Kitsa aliacha kupiga.

Jumatano ya Majivu alikwenda kanisani kama kila mwaka, akakaa upande wake wa nyuma, karibu na nguzo. Padri alikuwa kijana, mwenye sauti ya upole. Alisema kwamba Kwaresima haikuwekwa ili watu wajichukie, bali ili wakumbuke wanavyopendwa na Mungu, na mtu anayejua kwamba amehurumiwa hawezi kukaa na huruma hiyo peke yake kama chakula kilichofichwa chumbani. Kisha akayataja matendo ya huruma, polepole, na waumini wakayarudia kwa midomo: kulisha wenye njaa, kunywesha wenye kiu, kuvika walio uchi, kupokea wageni, kutazama wagonjwa, kutembelea wafungwa.

"Na la saba," padri akasema, "kuzika wafu."

Hakuna aliyegeuka. Kitsa aliona migongo ya watu imetulia, shingo zimenyooka, kila mtu akiitazama altare. Matendo hayo alikuwa ameyakariri tangu utoto, yote kwa pumzi moja. Lakini siku zile za Ebola hakuna hata siku moja ambapo jina la huruma lilimjia. Kilichomjia kilikuwa harufu ya dawa, jasho linaloingia machoni ambalo huwezi kulipangusa, na wanawake wanaokulilia usoni kana kwamba wewe ndiwe uliyeua. Kama ile ilikuwa huruma ya Mungu iliyopita mikononi mwake, aliwaza, mbona ilipita tu, haikuacha chochote? Alipokea majivu kwenye paji la uso, akatoka, akarudi nyumbani, akajipikia bugali na kuula akiwa amekaa mbele ya ukuta.

Ijumaa alikwenda kwenye Njia ya Msalaba. Ijumaa iliyofuata pia. Hakuwa mtu wa kusali kwa maneno mengi. Alifika penye "Baba Yetu," akasema hadi "utusamehe," akakaa pale, akatafuta ni kosa gani hasa aombe kusamehewa, asilione, na asijione hana. Kama dada yake angemwambia alipaswa kufanya nini siku ile, angeliomba radhi kila usiku. Lakini dada hakusema.

Katikati ya Kwaresima, asubuhi moja, alipokuwa akipiga randa ubao wa mlango, simu ililia. Ilikuwa namba asiyoijua.

"Allo, ni Papa Kitsa?"

"Ni miye."

"Miye ni Mwanvua, jirani ya Virginie, hapa Beni, mutaa ya Bungulu. Papa, kaa chini kwanza."

Kitsa hakukaa.

"Mumbere, baasi bamemuua," sauti ya mwanamke ilisema. "Bwana ya dada yako. Alienda ku shamba ya kakao, kule ku njia ya Kamango. Hakurudi. Bajeune, vijana ya mutaa, bamemutafuta, jana jioni bamemupata, bamemuleta ndani ya turubai."

"Mungu wangu."

"Iko kwa depo yangu, kwenye naweka kakao. Mais lakini, papa, alikaa inje siku mingi. Bale bajeune bamemubeba, mais kumugusa bamekataa. Ndugu zake biko Kayna, na vita imefunga njia, habawezi kufika. Dada yako hakulia, hakukula. Asubuhi hii amefungua kinywa mara moja tu. Amesema: muite Kitsa."

Kitsa aliegemea ule ubao. "Amesema vile? Jina yangu?"

"Amesema vile. Jumaine, bwana yangu, iko Butembo na camion yake, anarudi sasa hivi. Atapita kukubeba."

Lori la Jumaine lilifika likiwa limebeba magunia ya chumvi. Jumaine mwenyewe alikuwa mtu mnene, mpole, midomo imekauka kwa mfungo. Alimpa Kitsa mkono. Aliukamata wa Kitsa kwa mikono yake yote miwili, akaushika muda mrefu kama watu wanavyofanya msibani, na Kitsa hakujua la kufanya na mkono wake uliposhikwa hivyo.

Walipita kijiji cha Maboya. Penye vizuizi askari waliangalia ndani, wakainua kamba. Migomba ilisimama pande zote mbili, na ukungu ulikuwa bado haujatoka mabondeni. Baadaye Jumaine alisema:

"Kwetu sisi, mayiti anaoshwa na batu bake. Hapana mugeni. Ni heshima ya mwisho."

"Hata kwetu," Kitsa alisema. "Kabla ya ile ugonjwa."

"Naelewa." Jumaine alibadilisha gia. "Papa, sisi tunasema Mungu ni mwenye rehema kila saa tunaanza kitu. Kula, kulala, hata kuwasha motere."

"Hata siku njia iko mubaya?"

"Siku ile ndiyo nasema kwa nguvu."

Kitsa hakucheka, lakini kitu fulani kifuani kwake kililegea kidogo. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho mtu alimsimulia jambo lisilokuwa la mlango wala kitanda.

Bungulu walifika jua likiwa kali. Wanawake walikuwa wamekaa juu ya mikeka mbele ya nyumba ya Virginie. Mazungumzo yalikatika alipoingia uani. Virginie alikuwa amekaa katikati yao, kitambaa cheusi kichwani. Alikuwa amezeeka. Kitsa alikuwa akimwona kichwani mwake miaka yote hiyo kama alivyokuwa siku ile makaburini, mwenye nguvu na hasira, na sasa aliona mashavu yaliyoingia ndani na mikono iliyolala mapajani kama vitu vya mtu mwingine.

"Umefika," Virginie alisema.

"Nimefika, yaya. Pole."

"Iko kwa depo."

Mwanvua akainuka, mwanamke mfupi mwenye mtandio wa kijani, akamwongoza Kitsa ng'ambo ya ua. Alimfungulia mlango wa chumba cha matofali. Magunia ya kakao yalikuwa yamesogezwa ukutani ili kupata nafasi, na harufu yake kali, kama ya pombe iliyochacha, ilipigana na harufu nyingine. Kitsa alifunga mlango nyuma yake, akainama, akafunua turubai.

Alikaa naye kwa muda. Mumbere alikuwa shemeji mcheshi, aliyependa mashati meupe na kuyavaa hata siku za kazi. Kilichokuwa mbele yake hakikuwa cha kusimuliwa. Akafunika, akatoka.

Virginie alikuwa amesimama tayari, katikati ya ua.

"Nataka kumuona."

Kitsa aliisikia siku ile ya makaburini ikirudi nzima nzima, kama mtu anayekuja barabarani na unamjua kwa mwendo.

"Yaya," alisema, "sura yake..."

"Tena?" Sauti yake ilikuwa ya chini. "Tena, Kitsa? Mara ya pili utasimama mbele yangu na kunikatalia?"

Kitsa hakusimama mbele yake. Alikwenda pembeni, akaupisha mlango, akaketi chini kwenye vumbi.

"Sikukatalie," alisema. "Leo hakuna mutu wa kunilazimisha. Mulango ni ile pale, haina hata kufuli. Ukiingia, sitakushika. Mais nakuomba kama ndugu. Mumbere alikuwa mutu wa kupenda nguo safi. Kama angeweza kusema, angekuambia: bibi, ungoje kwanza. Bakamate wakati, baniweke sawa."

Virginie aliutazama mlango. Upepo ulilitikisa turubai lililotandikwa uani kukaushia kakao. Alipiga hatua, akasimama. Mwanvua alimsogelea, hakumgusa, akasimama tu karibu naye.

"Donc, basi, nitakaa ku mulango," Virginie alisema hatimaye. "Weye ndani, miye inje. Usifunge. Na kila kitu unafanya, uniambie."

"Nitakuambia."

Mwanvua alileta ndoo za maji, sabuni, pamba, kafuri na jora la shuka nyeupe ambalo halijakatwa. Alimletea pia glavu na kitambaa cha kufunga puani. "Miye nitakuwa nakupitishia vitu," alisema. "Usione haya kuita." Virginie aliweka kigoda kizingitini, akaketi, ameupa mlango mgongo. Mlango uliachwa wazi kiasi cha kupitisha mkono.

Kitsa alianza.

"Uko wapi?" Virginie aliuliza kutoka nje.

"Bado. Nakata nguo zake. Zimeshikana."

"Shati gani?"

"Nyeupe."

"Anza na mukono ya kuume. Iko na kovu ku kidole."

Kitsa aliosha taratibu, akitafuta. "Naiona."

"Ndiyo ile," Virginie alisema, na sauti yake ikapanda ghafla, ikawa ya mtu anayesimulia. "Siku ya ndoa yetu, unakumbuka? Batu bamekula nyama yote. Sisi babili tukabaki na njaa. Usiku anatafuta sardine, anafungua kopo yake na kisu, anajikata. Nilifunga ile kidole na kipande ya voile yangu, shela ya arusi. Asubuhi mama mukwe anaona voile na damu, anaanza kupiga vigelegele."

Mwanamke mmoja uani akacheka, akajiziba mdomo. Kitsa naye alicheka, huku macho yakimtoka maji nyuma ya kitambaa. Aliendelea. Mkono wa kushoto. Mabega. Kila alipofika mahali alisema, na kila aliposema Virginie alijibu kitu: hapo alianguka na pikipiki, hapo alikuwa akiwashwa msimu wa mvua, hapo alilalia kila usiku, upande huo huo, mpaka godoro likabonyea. Mtu aliyeletwa ndani ya turubai bila sura akawa anarudi kidogo kidogo kuwa Mumbere.

"Niko ku miguu," Kitsa alisema.

"Kucha ni ndefu?"

"Ndefu."

"Ukate. Alikuwa anakataa miye nikate. Anasema namufinya."

Mwanvua alipitisha wembe. Kitsa alikata kucha moja baada ya nyingine, akiinamia nyayo zile kama anavyoinamia mbao zake, na humo ndani hakukusikika kitu ila maji yakidondoka na nzi kwenye bati.

"Kitsa."

"Yaya."

"Mama naye ulimufanya vile?"

Aliweka wembe chini. Angeweza kusema ndiyo. Nani angemkosoa?

"Hapana," alisema. "Maji ilikatazwa. Tulimumwangia dawa tu, kutoka juu."

Mwanvua alipitisha ndoo nyingine ya maji.

"Donc ulifanya nini?" Virginie aliuliza.

"Nilimuita. Kabla ya kufunga. Nilimwambia, mama, ni Kitsa iko hapa. Nilimwambia, yaya Virginie iko njiani, anakuja. Bale benzangu banasema, twende, twende, miye nasema, bado kidogo. Nilimushika mukono. Mais na gants, glavu juu ya glavu. Sikusikia kama iko baridi ao iko moto." Aliokota wembe. "Mpaka leo sijue."

Nje, kigoda kilisikika kikisogea kwenye saruji.

"Ulimwambia niko njiani."

"Ndiyo."

"Nilikuwa Kabasha," Virginie alisema. "Pneu ya pikipiki ilipasuka Kabasha. Ule dereva anatafuta colle ya kuiziba, hakuna. Nikaanza kutembea na miguu, mpaka akapata, akanikuta mbele. Natembea, nasema mama uningojee, mama uningojee. Na weye unamwambia anakuja." Sauti ilikatika. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu Mumbere aletwe, Virginie alilia. Alilia kwa sauti kubwa, kilio cha mtoto, na wanawake uani wakakipokea, wakakiinua, mtaa mzima ukajua kwamba mke wa Mumbere amelia.

Kitsa hakutoka kumshika. Mikono yake ilikuwa na kazi. Alifunga kafuri katika pamba, akaiweka mahali pake, akaanza kukata shuka. Na katika kukata huko alijikuta akiwaza juu ya wale watu wachache waliomteremsha Yesu msalabani. Jua lilikuwa likizama, sabato inaingia, askari wanawatazama. Bila shaka nao waliogopa. Bila shaka walimfunga harakaharaka, na kuna mama aliyetaka kumtazama zaidi akaambiwa muda umekwisha. Kama Mungu alikubali mwili wa Mwanawe uguswe na mikono ya namna hiyo, mikono yenye woga na haraka, basi hakuwa amekaa mbali siku ile, akingoja wanadamu wafanye vizuri ndipo asogee. Alikuwa ndani ya mfuko pamoja na mama. Alikuwa humu, kwenye harufu hii. Kitsa hakusikia raha, wala mwanga haukushuka juu ya magunia ya kakao. Alihisi tu kwamba chumbani hakuwa peke yake, na hali hiyo ilikuwa ngeni kwake kiasi kwamba aligeuka kutazama nyuma.

Alipomaliza, Mumbere alikuwa amelala mweupe kuanzia kichwani hadi miguuni, kitambaa kimekunjwa vizuri, mafundo yamelingana.

"Yaya," aliita, "sasa unaweza kuingia."

Virginie aliingia. Hakuomba sura ifunuliwe. Alipiga magoti, akaweka kiganja pale mkono wa kuume ulipo chini ya shuka, akakaa hivyo. Alipoinuka alipita karibu na Kitsa, akamwambia, bila kumtazama, "Umemufunga muzuri."

Walimzika mchana huo huo. Padri wa pale alifika, vijana walichimba, na mvua ilianza wakati wa kurudi. Jua lilipozama Mwanvua alileta uji na tende kwa ajili ya mfungo wao, akawawekea Virginie na Kitsa sahani kando ya Jumaine. Walikula pamoja, hawakuzungumza sana. Kitsa aliona Virginie akila tende mbili, kisha ya tatu, na Mwanvua akijifanya hatazami.

Alibaki Bungulu hadi msiba ulipoanuliwa. Wengine wangetegemea kwamba ndugu hao wawili wangekumbatiana na kusema yote. Hawakusema. Virginie alikuwa mtu wa kunyamaza, na msiba ulimnyamazisha zaidi. Zipo asubuhi alizompita uani kama hamwoni, na Kitsa alijua kwamba miaka ile haikuwa imefutika, ipo pale pale kati yao, kama fanicha nzito ambayo hakuna anayejua iwekwe wapi. Lakini shati lake alilolivaa siku ya kuosha alilikuta limefuliwa, limepigwa pasi, limewekwa juu ya mto. Siku ya kuondoka alimwambia:

"Yaya, twende wote Butembo. Utaona kaburi ya mama."

"Siwezi kuacha ya Mumbere ingali mupya," Virginie alisema. "Nitakuja Pasaka."

Butembo aliikuta kama alivyoiacha. Mlango aliokuwa akiupiga randa ulikuwa pale pale, na mwenye mlango alikuja, akalalamika kidogo, akasimama, akaenda. Sasa upweke ulimuuma kuliko zamani. Zamani alikuwa ameuzoea kama mtu anavyozoea kiatu kibaya. Sasa alikuwa amekula na watu, amesikia jina lake likiitwa kupitia mlango, na jioni alipoweka sufuria moja jikoni alisikia kimya cha nyumba masikioni. Hakuona kwamba Mungu alimdanganya. Aliona tu kwamba kupendwa hakuondoi njaa ya kupendwa, na akasali hivyo hivyo, na njaa yake.

Juma Kuu, habari ya barabara ikawa mbaya. Magari yalishambuliwa, watu walikufa, msafara wa kusindikizwa na askari ukasimamishwa. Pasaka hakuna atakayetoka Beni. Ijumaa Kuu asubuhi simu ililia, na safari hii aliijua namba.

"Kitsa, njia imefungwa."

"Nimesikia, yaya."

"Siwezi kuja."

"Naelewa."

"Kaburi ya mama iko mbali na kwako?"

"Hapana sana. Ni kupanda kilima."

"Enda kule. Ukifika, unipigie."

Kitsa alipanda kilima. Mvua ya usiku ilikuwa imelegeza udongo, na majani yalikuwa yameota juu ya makaburi mengi, ila la mama alikuwa akilipalilia mwenyewe. Alipiga simu. Virginie alipokea papo hapo.

"Umefika?"

"Niko karibu naye."

"Weka simu chini. Halafu usogee. Maneno ni yangu na mama."

Kitsa alikunja koti lake, akalilaza juu ya udongo mbele ya msalaba wa mbao, akaweka simu juu yake, sauti ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho. Akaondoka hadi ilipoishia safu ya makaburi, akasimama ameyapa mgongo. Chini yake mji ulikuwa umetulia, mabati yanang'aa kwa maji, watu wachache wanaelekea kanisani. Nyuma yake sauti ya dada yake ilikuwa ikisema Kinande, haraka, kisha polepole, kisha haraka tena. Hakusikiliza maneno. Alisikia tu kwamba yanaendelea, na kwamba wakati mwingine yananyamaza kama mtu anayengoja jibu. Manyunyu yakaanza. Hakusogea.

"Kitsa!" sauti iliita. "Kitsa, uko?"

Akarudi, akaiokota simu. "Niko, yaya."

"Nimemaliza."

"Vizuri."

Kitsa aliokota koti lake, akalikung'uta udongo.

"Unapata mvua?" Virginie aliuliza.

"Kidogo."

"Leo jioni utakula nini?"

"Maharagi."

"Tia chumvi kidogo tu," dada yake alisema. "Mama alianza presha ku umri kama yako."